Njumu Alizozichukua Somoe

Nilisikia kabla sijaona. Nilikuwa nimechutama pembeni mwa uwanja wa shule nikifunga kamba za njumu, na nyuma yangu mtu akakanyaga majani makavu ya mkorosho. Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Uwanja ule hauna mkorosho hata mmoja. Ni mchanga na kokoto mpaka mlima wa mawe unapoanzia. Nikainuka, nikachutama tena, na majani yakakanyagwa tena. Safari hii nikajua yanakanyagwa wapi. Ndani ya goti langu la kushoto.

Nililitazama. Lilikuwa goti kama la jana yake, lenye kovu la utotoni, halijavimba, halina joto. Nikaingia uwanjani nikacheza mpaka giza likatufukuza.

Naandika kwa ajili ya mtu aliyekaa sasa hivi kwenye benchi la hospitali, ameshika kadi yake, anatazama mlango ambao haufunguki. Sitakueleza ugonjwa ni nini wala unaingiaje mwilini. Waliojua walinieleza vizuri na nimesahau karibu yote. Ninachokumbuka ni kungoja, na ngozi yangu, na sauti ya mama akigombana na baba kwa kunong'ona. Leo natembea. Nikipanda basi naomba kiti cha pembeni niutoe mguu kwenye njia, na abiria wanauruka. Ujue hilo tangu mwanzo, usisome kwa hofu kwamba nitakufa katikati.

Ilikuwa miezi ya salfa, dawa ya mikorosho. Wenye mikorosho, wa Masasi na wa Newala, wanaijua harufu hiyo. Mashine za kupulizia zinanguruma mashambani tangu alfajiri, unga wa njano unapanda juu ya miti inayochanua, na kila mtu anakohoa kidogo na kupangusa macho. Hata mistari ya uwanja wetu tuliichora kwa salfa iliyoganda kwa unyevu, isiyofaa tena shambani. Tulianguka, tukainuka na njano magotini.

Mchezo wetu uliitwa kisahani. Mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo, aliyekuja kutufundisha hesabu, ndiye aliyekileta: sahani ya plastiki isiyo na chakula, ambayo ukiirusha kwa kiganja kinachojua inaelea kama mwewe anayetafuta kifaranga. Alipoondoka alikiacha, na Mwalimu Chipungu wa jiografia akaichukua kazi aliyoiacha. Mnacheza saba kwa saba, wavulana na wasichana pamoja. Ukikidaka huruhusiwi kukimbia nacho. Unasimama na kumrushia mwenzio. Akikidakia nyuma ya mstari wa mwisho, ni bao. Na hakuna mwamuzi. Ukimgusa mtu unasema mwenyewe, ukiguswa unasema mwenyewe, na mchezo unasimama mpaka mkubaliane. Wazee waliokuja kutazama walicheka hilo kuliko walivyocheka kisahani.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Wanunuzi binafsi wa korosho walianza kufika na malori yao, mabanda ya video yakachipuka karibu na stendi, na kila gulio likawa na robota la mitumba. Njumu zangu zilitoka kwenye robota. Nyeusi, zenye mstari wa rangi ya chungwa ubavuni, kubwa kidogo kuliko miguu yangu, nikazijazia vitambaa mbele. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri nafasi ya chuo, na sikuwa na kitu kingine duniani ambacho nilikijua vizuri kama kukimbia.

Timu yetu ya Masasi iliitwa Mwewe. Timu ya Newala iliitwa Upepo, na jina liliwafaa, kwa sababu huko juu uwandani upepo haulali, na wao walijifunza kurusha chini chini, karibu na nyasi, mahali upepo usipofika. Msichana wao mkali aliitwa Somoe, wa Kitangari. Mfupi, shingo ndefu iliyonyooka kwa kubebea ndoo. Alikuwa akichota maji bondeni kabla ya mazoezi na baada ya mazoezi, na mlima wa kutoka huko ndio uliompa mapaja yake.

"Nyie wa Newala mnaogea kikombe," nilimwambia siku ya kwanza tulipokutana.

"Na nyie wa Masasi maji mnayo na bado mnanuka," akanijibu, akanipita.

Mwalimu Chipungu alituita wote katikati ya uwanja akatuambia kuna mashindano Dar es Salaam, mwaka unaofuata, salfa itakapokuwa inaisha. Masasi na Newala watapeleka timu moja. Wachezaji wengine atawachagua baadaye, alisema, lakini wawili ameshawachagua. Akanitazama mimi, kisha Somoe. Tangu siku hiyo nilikuwa nalala nikiwa nimeshafika Dar es Salaam.

Kisha tukapanda lori kwenda Newala kucheza mechi ya majaribio, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuonekana kwa macho. Kisahani kiliinuka, mimi na Somoe tukaruka pamoja, nikakidaka, na nilipotua goti halikuwepo. Sina namna nyingine ya kusema. Nilitua juu ya kitu ambacho hakikuwepo. Somoe aliniinamia.

"Nimekugusa?"

"Hujanigusa. Nimeshuka vibaya."

"Sema kweli, Tekla."

"Nimesema."

Walioshuhudia walisikia. Ndivyo mchezo wetu ulivyo, neno la mwenye mwili ndilo la mwisho. Lakini mama hakuwepo uwanjani, na mama aliona tu mtoto wake anashushwa kwenye lori na wavulana wawili, goti limevimba kama papai changa.

"Nani amekuvunja?"

"Hakuna, mama. Niliruka na msichana wa Kitangari, lakini hakunigusa. Aliniuliza nikamwambia."

"Mchezo gani huo hauna mwamuzi? Nani duniani anakubali kosa lake mwenyewe? Amekuvunja, na wewe umemsaidia kusema uongo."

Kwa kuwa lilikuwa goti la mchezo, lilitibiwa kama goti la mchezo. Hilo ndilo kosa letu, na sisemi la mama peke yake. Mtaa mzima ulikosea kwa mapenzi. Aliitwa bibi mkandaji, mtu mwenye mikono iliyorudisha mabega na viuno vya wakwezi wengi. Akasema mfupa umetoka kwenye njia yake. Mama alinishika kifuani, baba akanishika kiuno, na bibi akalikanda goti kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, kisha akalivuta. Majani makavu yote ya mkorosho yaliyokuwa humo ndani yakashika moto. Walirudia siku iliyofuata, na iliyofuata. Baba alikuwa akisema, "Vumilia, mama," akiniita mama kama alivyoniita nilipokuwa mdogo.

Uvimbe haukushuka. Zahanati walinipa vidonge vya maumivu. Nikaanza kukonda. Paja la kushoto likapungua kwanza, nikawa na miguu ya watu wawili, na jioni homa inakuja taratibu kama mgeni aliyezoea nyumba. Maua ya mikorosho yakawa korosho changa. Ndipo baba, ambaye ni katekista na hapendi kuomba upendeleo, akaomba gari la kanisa, wakanipeleka hospitali ya misheni.

Benchi la pale ni la mninga, refu, limeng'aa kwa makalio ya wagonjwa. Unakaa mwisho, anaitwa mtu, wote mnasogea. Mimi kusogea ilikuwa kazi ya watu wawili. Mama alinyanyua mguu, mimi nikanyanyua kilichobaki. Tulisogea hivyo asubuhi nzima, na tulipoufikia mlango, daktari alikuwa ameitwa upasuaji. Kesho yake tukaanza tena mwisho wa benchi. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alitazama goti langu akanipa nafasi yake bila kusema kitu. Sikumjua, sikumwona tena. Ukiwa pale utakutana naye, au mfano wake. Pokea nafasi, usijifanye una nguvu.

Walipiga picha, wakachoma sindano gotini wakavuta maji ya rangi ya uji mwembamba, wakayapeleka mbali kupimwa. Tukangoja. Korosho zikaanza kudondoka. Majibu yalipokuja, daktari, mwanamume mchovu mwenye kalamu sikioni, akatuita wote watatu.

"Ni kifua kikuu," alisema.

Baba akalitazama goti, akamtazama daktari. "Kifua kimefikaje kwenye goti?"

"Kinatembea, katekista. Kinakaa mahali popote kikipapenda. Huyu kilikuwa kimeshaingia kabla hajaanguka."

Nikamtazama mama. Nilitaka asikie hayo maneno ya mwisho. Lakini mama alikuwa amelisikia neno la kwanza tu, na amekwama hapo.

Nililazwa. Asubuhi za wodini nilikuwa naamka kwa mlio, ko, ko, kitu kigumu kinagonga chuma cha kitanda. Lilikuwa jiwe, kipande cha milima yetu, limetiwa kwenye mfuko wa turubai na kuning'inizwa kwa kamba inayopita kwenye gurudumu hadi kwenye mguu wangu, kuuvuta unyooke kidogo kidogo. Nikipumua kwa nguvu, jiwe linagonga. Nikilia, linagonga zaidi, na wodi nzima inajua. Nikajifunza kulia bila kutikisika.

Sindano ilikuja kila siku, upande huu wa kalio leo, ule kesho, mpaka nikakosa upande. Masikio yalianza kulia kama nyenze. Vidonge viligeuza mkojo wangu ukawa rangi ya soda ya chungwa, na mara ya kwanza mama alipoona beseni akaenda kukaa nje kwenye ngazi mpaka nesi alipomfuata na kumwambia ndivyo inavyokuwa. Mimi niliyekuwa nikioga na kukimbia kabla jua halijachomoza, nilioshwa na mama kitandani, sehemu kwa sehemu, nyuma ya khanga iliyoshikwa na mgonjwa wa jirani. Mama hakunitazama usoni alipokuwa ananiosha. Tulikuwa tumekubaliana hivyo bila kusema.

Wanawake wa kanisani walikuja, wakasimama mlangoni na khanga mdomoni. Mmoja alimuuliza mama kwa sauti ya chini kama wamenipima na ule ugonjwa mwingine. Mama akajibu kwa sauti ya juu kwamba wamepima na haupo, na kwamba wakitaka kusali wanaweza kusali hata kutoka kwao.

Baba alikuja siku za Alhamisi, ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Korosho zinaoza chini kule shambani Lupaso, Mama Tekla. Watoto peke yao hawawezi."

"Zioze."

"Wanunuzi wapo sasa, wakiondoka hawarudi."

"Nimesema zioze. Wewe kaokote, mimi nina mtoto kwenye kamba."

"Na mimi ni mtoto wangu."

Hapo jiwe likagonga, kwa sababu nilikuwa nimeshindwa kuzuia kilio. Waligeuka wote wawili, na baba akaja akalishika lile jiwe kwa kiganja, akalituliza, kama mtu anavyotuliza mbuzi. Alisimama hivyo, amelishika, mpaka nesi akaja kumwambia aliachie, kwa sababu akilishika halivuti.

Somoe alikuja maembe yalipokuwa yanaiva. Alishuka kwenye lori la korosho, ana kikapu kichwani, akaingia wodini akiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, Mama Tekla."

"Marahaba," mama alisema, na haikuwa marahaba ya kumkaribisha mtu. "Wewe ndiye uliyemvunja mwanangu."

"Mama, nilimuuliza, akasema sikumgusa."

"Wewe ni wa kwa nani huko Kitangari?"

Somoe akamtaja bibi yake, kisha ukoo wao. Mama alikuwa ameshika bakuli la uji. Akaliweka chini.

"Sema tena."

Somoe akasema tena.

Mama akaufunika uso kwa kiganja, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, kicheko cha kwanza tangu lori linishushe. "Basi ugomvi umekwisha," akasema. "Huyu ni mwizi wetu."

Koo zetu zinataniana, tangu mababu waliotajwa na waliosahaulika. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia uani kwako akaondoka na jogoo, na wewe ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Kitu akishakichukua kinabaki chake mpaka ukikomboe kwa kumpa kitu kingine, kuku au debe la unga. Na kinyongo hakiruhusiwi kati ya watani, hata kwa kifo. Mama alikuwa amekibeba chake tangu miezi ya salfa, na hapo ikabidi akitue. Alikitua kama anayetua kuni.

Somoe alilielewa hilo wakati uleule. Nilimwona anabadilika, kuanzia shingoni. Akanitazama kitandani kwa dharau.

"Mnamlisha huyu kwa nini? Mtamaliza uji bure. Tazama mguu, kama mwiko."

Wodi nzima ikamgeukia. Mama akawaambia ni mtani, na wodi ikaangua kicheko, hata yule bibi wa kitanda cha pembeni ambaye hakuwahi kucheka.

"Na hili jiwe?" Somoe akaendelea, akaligonga kwa kidole. "Masasi mmekosa nguo za kuvaa mpaka mnavaa mawe?"

"Afadhali jiwe kuliko ndoo," nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

Akainama chini ya kitanda. Njumu zangu zilikuwepo pale. Nilikuja nazo hospitali nikiamini nitakaa siku mbili tatu. Akazitoa, akazipiga pamoja ili mchanga uanguke, akazifunga kamba na kuzining'iniza shingoni.

"Mgonjwa na njumu, wapi na wapi. Nazichukua. Ukizitaka uje Newala kwa miguu yako miwili, na kuku mkononi. Jogoo, sitaki kitoto cha kuku."

"Rudisha njumu zangu."

"Nifukuze," akasema Somoe, akatoka.

Sikupata kulala usingizi mzuri kama wa siku ile. Mtu anayekuibia anaamini utamfuata.

Mvua ziliponyesha waliniondoa kwenye jiwe wakanifunga hogo, plasta nzito kutoka nyongani mpaka kwenye vidole, wakaniruhusu nyumbani na mfuko wa vidonge. Ikiwa utafungwa hogo, jua kwamba maumivu si kitu mbele ya muwasho. Kuna chungu aliingia kwenye la kwangu na sikujua alitoka lini, kama alitoka. Mdogo wangu alinikunia kwa bua la mtama, akaniuliza kila mara kama ni hapo, na haikuwahi kuwa hapo.

Baba alinitengenezea magongo mwenyewe. La kulia likawa refu, akalipunguza. La kushoto likawa refu, akalipunguza. Alikaa barazani na msumeno akihama kutoka hili kwenda lile mpaka yote mawili yakawa mafupi na nikawa natembea nimeinama kama bibi kizee. Hatukumwambia. Jirani mmoja fundi akayaunga vipande kwa chini, na baba akasema kwa upole kwamba ndivyo alivyokusudia.

Mwewe walinitumia kisahani cha zamani chenye ufa. Mama akakitumia kufunikia uji wangu, inzi wasiingie. Mwalimu Chipungu alikuja, akazungumza habari za mvua, akazungumza habari za barabara, akasema nafasi yangu ya Dar es Salaam ipo, hajaijaza. Alilitazama hogo alipokuwa anasema hivyo, na mimi nikaamua kuyasikia maneno tu, nisiyatazame macho yake.

Na Somoe akawa analeta matusi. Hakuwa na nafasi ya kuja, kilimo kilikuwa kimeanza, lakini kila lori lililoshuka kutoka Newala lilikuwa na utingo aliyepewa ujumbe. "Kwa katekista ni hapa? Nimeambiwa nimwambie Mwiko kwamba njumu zake zimenyeshewa." Wiki nyingine, "Mwiko aambiwe jogoo awe mwekundu." Utingo mmoja, kijana mwenye haya, alisimama mlangoni akashindwa kabisa kusema alichotumwa, mama akamsihi, na aliposema, mama akalazimika kukaa chini kwa kucheka. Nilimjibu kila mara. Nilitamani lori kuliko nilivyotamani vidonge. Mama akamchagua jogoo mwekundu kati ya vifaranga, akamfunga uzi mguuni, na wadogo zangu wakamwita Fidia.

Mvua zikakatika. Nyasi zikakauka. Mahali fulani upande wa Lupaso mashine ya kwanza ya salfa ikanguruma, na ndiyo siku waliyolikata hogo hospitali.

Mguu uliotoka humo haukuwa wangu. Ulikuwa mwembamba na wa kijivu, una magamba kama ya kenge, na vinyweleo virefu ambavyo sikuwahi kuwa navyo. Nesi aliuosha kwa maji ya uvuguvugu, ngozi ikatoka kwenye kitambaa kama karatasi iliyolowa. Haukuuma. Hilo lilinifurahisha mno, kwamba hauumi, na nikajaribu kukunja goti.

Nikajaribu tena. Nilituma agizo, nikangoja, kama nilivyongoja benchini.

Daktari aliweka kiganja chake chini ya goti, akasukuma kidogo, akaacha. "Limepona," alisema. "Ugonjwa umekwisha. Lakini mifupa imeshikana, Tekla. Tulilinyoosha ili lishikane likiwa limenyooka, uweze kutembea. Utatembea vizuri."

"Na kukimbia?"

Alichukua kalamu kutoka sikioni, akaitazama, akairudisha. "Kutembea," alisema.

Tuliporudi nyumbani mama alipitia kwa Mwalimu Chipungu kumwambia aijaze nafasi yangu. Sikumtuma. Sikumzuia.

Wiki ile ya safari ya Dar es Salaam nilikuwa chumbani, mlango wazi, jua limefika mpaka miguuni pangu, nikasikia mtu anabisha hodi kwa adabu. Mama akamkaribisha. Akaingia Somoe, amevaa khanga mpya, amejitanda vizuri, na mkononi ana kifurushi cha gazeti.

"Pole, dada Tekla," alisema. "Tumesikia. Ni mipango ya Mungu."

Hakuwahi kuniita dada. Akakaa kwenye ukingo wa kigoda, akakifungua kifurushi, akaziweka njumu sakafuni mbele yangu, sambamba, visigino vimepangana. Zilikuwa zimeoshwa. Kamba zilikuwa mpya. Mstari wa chungwa ulikuwa unang'aa.

"Nimekuletea vitu vyako," alisema kwa sauti ya msibani.

Nimechomwa sindano nyingi. Nimevutwa goti na bibi mkandaji huku wazazi wangu wamenishika. Hakuna kilichoniingia kama zile njumu zilizooshwa. Mlangoni mama alikuwa amesimama na jogoo mwekundu kwapani. Alikuwa ameshamkamata aliposikia hodi, na sasa hakujua amfanyeje. Nilimtazama Somoe, mikono yake imekunjwa mapajani, macho chini, mtani wangu ananipa heshima, na nikajua kwamba nikimwacha aondoke hivyo, sitabaki na mtu hata mmoja duniani anayenitukana.

"Nani amezikomboa?" nikamuuliza.

Akainua macho. "Nini?"

"Nani amekupa kitu? Mimi nimekuja Newala? Umeniona na kuku?"

"Tekla, mimi nimeona tu…"

"Kitu cha mtani hakirudishwi bure. Bure anarudishiwa maiti. Mimi nimekufa?"

Midomo yake ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa.

"Mwizi gani wewe," nikasema. "Umeiba, umeosha, umetia kamba mpya, halafu unaleta. Huko Newala hata wizi hamjui. Vaa utoke hapa."

Nje mashine ya salfa ilizimika, ikawaka tena. Kisha Somoe akavua kandambili, akaketi sakafuni, akaingiza mguu kwenye njumu ya kwanza.

"Zinanipwaya."

"Miguu yenu imesinyaa kwa ukame."

"Na zinanuka."

"Umeziosha mwenyewe."

Nikamtupia bendeji ya zamani, akaichana, akazijazia mbele kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Akafunga kamba. Aliposimama, meno ya njumu yaligonga saruji ya chumba chetu, ko, ko, na mama akageuza uso ukutani.

"Jogoo nitamfuata," Somoe alisema. Alikuwa anapangusa pua kwa ncha ya khanga mpya. "Sijakusamehe jogoo, Mwiko."

"Nenda, zifike Dar es Salaam. Utachelewa lori. Na funga mlango, vumbi la salfa linaingia."

Akatoka bila kuaga, kama mwizi anavyopaswa kutoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka komeo likaingia.